Nyumba Kumi na Mbili za Berlini

Bwana Daktari alimpa Amissi kadi ishirini zilizofungwa kwa utepe, akamwambia achague kumi na mbili. Hakumuuliza kama anataka kwenda.

Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa pili wa mwaka 1913, na meli ya Wadachi ilitazamiwa kutia nanga Rumonge baada ya siku sita. Amissi alizipokea kadi kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kuswali, na baada ya swala akarudi nazo nyumbani. Alikuwa mtu wa kufanya jambo moja baada ya jingine. Hata hasira yake ilikuwa na zamu, na mara nyingi zamu ilipofika alikuta hasira yenyewe imeshaondoka.

Barazani aliwakuta mkewe Radhia, mwenye mimba ya miezi sita, na nyanya yake mzaa baba, Bibi Batuli, aliyeuza ndagala, dagaa wa huko, pwani ya ziwa tangu kabla Wadachi hawajafika. Alitandika mkeka, akazipanga kadi nne kwa tano. Upande mmoja wa kila kadi palikuwa na picha ya jumba kubwa la mawe. Upande wa pili Bwana Daktari aliandika kwa Kiswahili yaliyomo ndani.

"Mume wangu," alisema Bibi Batuli, kwa utani wa bibi na mjukuu, "hizi karata? Umeanza kamari uzeeni?"

"Ni nyumba, Bibi. Makumbusho ya Berlini."

"Nani anakaa humo?"

"Vinakaa vitu. Watu wanaingia, wanatazama, wanatoka."

"Bila kununua?"

"Bila kununua."

"Basi ni kama soko la Magara siku ndagala haikutoka."

Radhia hakucheka. Alikuwa anazitazama kadi kama mtu anayetazama nyayo za mnyama mlangoni pake.

Safari yenyewe ilitokana na Amissi mwenyewe, na hilo alilijua. Kwa mwaka mmoja na nusu alimfuata Bwana Daktari ukingoni mwa ziwa, kutoka Magara hadi Minago, kutoka Minago hadi msitu wa Kigwena. Waliingia nyumba za watu, wakaomba mikeka, vigoda, mitego ya samaki, vibuyu vya maziwa. Mwenye kitu alipewa kitambaa au shanga. Kazi ya Amissi ilikuwa kukitia kila kitu alama, ijulikane kimetoka wapi. Mwanzo alibandika karatasi. Mchwa wakazila, na zilizobaki zikaoza kwa unyevu.

Ndipo alipokumbuka mafundo ya wauza samaki. Vikapu vya ndagala vya watu kumi husafiri katika mtumbwi mmoja, na kila mwenye kikapu hufunga kwenye mkono wa kikapu chake uzi wa mchikichi. Mafundo ya kwanza husema pwani gani, yanayofuata husema ukoo gani, ya mwisho husema samaki ni wa lini. Bibi Batuli alimfundisha hayo kabla hajajua kusoma. Amissi aliyatumia kwa vitu vya Bwana Daktari, kisha akayaongeza. Aliweka fundo la kitu cha mwanamume na fundo la kitu cha mwanamke, fundo la aliyekitengeneza, na fundo moja dogo, ambalo hakumweleza mtu, la kitu ambacho mwenyewe alilia kilipoondoka.

Vitu vilifika mia nne na kumi na viwili. Mchwa hawakugusa hata uzi mmoja. Bwana Daktari alifurahi mno, akawaandikia wakubwa zake Berlini juu ya mafundo hayo, na jibu likaja: vitu vije, na mtu wa mafundo aje navyo, maana huku hakuna anayeweza kuyasoma. Bwana mkubwa wa boma akatia mhuri kwenye karatasi ya safari, Amissi akatia sahihi. Mwaka uliopita mchonga mitumbwi mmoja wa Minago alikataa safari ya serikali. Alipelekwa kazi ya barabara, na mpaka leo mkewe alikuwa akimpelekea chakula kila siku ya tatu.

"Hii ya nini?" Radhia aliinua kadi.

"Nyumba ya posta. Wanaonyesha barua za zamani na magari ya kuzibebea."

Aliiweka pembeni, mahali pa zilizochaguliwa. "Anza na hii. Labda ukiziona barua utakumbuka kuandika."

"Nisomee ile yenye mlango mkubwa," alisema Bibi Batuli.

"Wanyama na samaki. Samaki wako ndani ya chupa, wamelowekwa kwenye spiriti wasioze."

"Spiriti si ndiyo pombe?"

"Ni pombe kali, Bibi."

"Subhanallah. Kumbe huko hata samaki wanakufa walevi. Nenda, mume wangu, uwaone, uje unieleze kama macho yao ni mekundu."

Wakaendelea hivyo. Iko nyumba ya picha za kupakwa rangi, iko ya watu wa mawe wasio na mikono, iko ya silaha, iko ya wafalme wa Misri waliofungwa vitambaa. Amissi alizisoma zote kwa utaratibu na kutoa sababu za kila moja. Kwa kitambo alijikuta anapenda kuchagua, kama mtu aliyepewa sahani ya tende. Radhia ndiye aliyemrudisha.

"Utatembea mara ngapi?"

"Mara moja kila mwezi. Siku nyingine ni kazi."

"Basi nyumba kumi na mbili ni mwaka mzima. Na mwezi wa kumi na tatu, utakuwa wapi?"

Amissi alizinyoosha kadi zilizokuwa zimeshanyooka.

"Karatasi uliyotia sahihi inasema unarudi lini?"

"Inasema mpaka kazi iishe."

"Umemuuliza itaisha lini?"

"Bado."

"Bado!" Radhia aliirudisha kadi mkekani. "Mutoto atazaliwa, ataota meno, atauliza baba yangu ni nani, na wewe utakuwa bado, bado."

Jumamosi asubuhi Amissi alikwenda kwa Bwana Daktari, aliyekuwa chini ya turubai akifunga masanduku. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye kupanga hata misumari kwa urefu wake. Kwa hilo walikuwa wakielewana.

"Amahoro, Amissi. Umeshachagua?"

"Ninachagua, Bwana. Nina swali."

"Baridi? Utapewa koti. Chakula? Nguruwe hutalishwa, nimeshaandika."

"Nitarudi lini?"

Bwana Daktari alichukua msumari, akautazama ncha. "Kazi ikiisha."

"Itaisha lini, Bwana?"

"Hilo ataamua mkubwa wangu. Ukifanya vizuri, pengine watataka ukae zaidi. Iko mikusanyo mingi kule haina mtu wa kuieleza."

Amissi alisaidia kushika kifuniko cha sanduku. Kisha alisema, "Ninaweza kuandika daftari. Kila kitu na mafundo yake, herufi kwa herufi. Nitamaliza kabla ya meli. Daftari litasafiri, mimi nitabaki."

"Daftari! Vizuri sana. Andika, uje nalo." Alisema hivyo kwa furaha ya kweli. "Na daftari likikosea, nitamuuliza nani?"

Hapo Amissi aliuona mlango mmoja ukifungwa. Akajaribu mwingine, ingawa hakujua ni mlango au ukuta. "Na vitu vyetu hivi vitakaa nyumba gani? Katika kadi sikuiona."

"Hiyo huna haja ya kuichagua. Utakuwa humo kila siku. Tutakutandikia mkeka, mmoja wa hii ya Kigwena, utakaa na nyuzi zako, utafunga, na watu watatazama."

"Watatazama nyuzi?"

"Nyuzi, na wewe ukizifunga. Na nguo zako za huku, bila shaka."

Nyundo iliendelea. Amissi alijaribu kumpa yule mtu haki yake. Pengine kwao kutazamwa ni heshima. Pengine aliona anampa kitu kizuri, kama alivyoona anawapa watu kitu kizuri alipowapa shanga. Lakini alikumbuka kigoda cha mzee mmoja wa Minago, namna kilivyotoka nje kwa mwanga, kikageuzwa juu chini, kikapimwa miguu, na mzee amesimama kando hajui aweke wapi mikono.

"Ukiandika orodha ya nyumba zako, usisahau tarehe," alisema Bwana Daktari. "Kila mahali na tarehe yake. Nitatia sahihi na mhuri, na hiyo ndiyo ruhusa yako. Kule bila karatasi hata stesheni hufiki. Lakini ukiwa na karatasi yenye mhuri wangu na tarehe, hakuna wa kukuzuia siku hiyo, hata mkubwa wangu mwenyewe. Sisi ni watu wa karatasi."

Amissi aliitikia, akarudi nyumbani na maneno hayo, akiyageuza njia nzima.

Jumapili alikaa barazani tangu asubuhi na kalamu na orodha ya nyumba. Aliandika kwa herufi za Kizungu, alizojifundisha mwenyewe kwa kusoma maandishi ya masanduku, kwa hiyo mkono wake ulikwenda polepole. Radhia alipita mara mbili na maji. Mara ya tatu alisimama nyuma yake, akahesabu mistari kwa kidole, maana kuhesabu alijua. Alihesabu tena. Kisha aliingia ndani.

Jumatatu Bwana Daktari aliipokea karatasi, akavaa miwani, akasoma kwa sauti kwa kuridhika. "Julai 1913, nyumba ya posta. Vizuri. Agosti, samaki na wanyama. Septemba, Misri." Alishuka hivyo hadi Juni 1914, picha za rangi. Kisha sauti ikasita.

"Tarehe kumi, Agosti 1914. Nyumba ya Amissi, Rumonge." Alivua miwani. "Nilisema kumi na mbili. Hii ya kumi na tatu ni nini?"

"Ni mahali ninapotaka kwenda kutazama, Bwana. Na tarehe yake."

"Rumonge si makumbusho."

"Bwana umeingia nyumba za hapa mwaka mmoja na nusu," alisema Amissi. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama kawaida yake. "Umetazama, umeandika, umetoka. Yangu uliingia mara nne. Ulitazama kitanda, ulitazama chungu, ulimtazama mke wangu akisuka ukili. Mimi naomba kuitazama mara moja."

Bwana Daktari aliifuta miwani kwa pindo la shati. Nje wapagazi walikuwa wakiteta juu ya kamba.

"Agosti," alisema mwisho. "Safari ni miezi miwili. Reli itakuwa imefika ziwani, sawa. Lakini itabidi utoke Berlini Juni. Vitu mia nne vitapangwa lini?" Alihesabu kwa kalamu mezani, siku kwa majuma, na Amissi alimngoja, kwa kuwa hesabu ya namna hiyo yeye pia angeifanya. "Haiwezekani. Isipokuwa ufanye kazi kila siku bila mapumziko. Hutaziona nyumba hizi."

"Hata moja?"

"Hata moja. Utakaa ile nyumba yetu tu, asubuhi hadi jioni. Umenielewa? Nilitaka uone mambo makubwa, Amissi. Mimi mwenyewe ningekuongoza."

Alionekana ameumia, na Amissi alimwonea huruma kidogo, jambo lililomshangaza. Aliiwaza ile nyumba moja, mkeka wa Kigwena sakafuni, na watu wanaopita mbele yake mwaka mzima bila siku ya kupumua.

"Futa, Bwana."

Bwana Daktari alichovya kalamu. Alifuta posta, akafuta samaki, akafuta Misri, kila mstari kwa rula, bila haraka. Ulipobaki mmoja, alisita juu yake muda mrefu kuliko yote. Kisha alitia sahihi, akagonga mhuri.

Nyumbani Bibi Batuli ndiye aliyeanza. "Haya, mume wangu. Samaki wangu walevi?"

"Wamefutwa, Bibi."

"Wote?"

"Wote. Na posta, na wafalme."

Bibi Batuli alitaka kutania, akamtazama usoni, akaacha. Akavuta kikapu chake karibu, akaanza kupepeta ndagala isiyohitaji kupepetwa. "Agosti si mbaya," alisema. "Agosti huku ni vumbi na upepo tu. Hakuna kinachotokea."

Radhia aliishika karatasi kwa ncha za vidole. Alipitisha kidole juu ya mistari iliyokatwa, kumi na mbili, hadi kwenye mhuri.

"Atakuwa na mwaka na miezi mitatu," alisema. "Atakuwa anatembea."

"Utamleta gatini."

"Na yule mukubwa wa huko? Akisema mhuri huu haumhusu?"

Amissi alilifikiria swali hilo kwa haki. Radhia hakumsumbua. Alileta kanzu yake ya safari, akafumua pindo upande wa ndani, akaikunja karatasi mara nne, akaitia humo, akaanza kushona kwa mishono midogo midogo.

"Nisomee tarehe," alisema bila kuinua kichwa.

"Tarehe kumi, Agosti, elfu moja mia tisa na kumi na nne."

"Rudia."

Akarudia.