Stesheni Masta Abadilisha Ndege

Ndeti alikuwa stesheni masta wa Kibwezi kwa miaka kumi na tisa, na hakuna treni iliyowahi kumwacha. Kwa hiyo mwaka wa 1986, mwanawe Mulei alipowatumia tiketi waende Amerika kumwona akimaliza chuo kikuu, Ndeti hakutaka kufundishwa na mtu. Mulei alikuwa ameandika barua ndefu kuwaeleza kwamba wangebadilisha ndege Kairo, Frankfurt na New York kabla ya kufika kwake Columbus. Ndeti aliisoma mara moja akaikunja. Alimwambia mkewe, Ndila, kwamba kubadilisha ndege ni kama kubadilisha treni pale Voi. Kinachotakiwa ni ratiba na saa nzuri, na saa nzuri alikuwa nayo mkononi.

Kairo walipita salama. Frankfurt, ndege ya saa tano asubuhi iliondoka saa sita kamili kwa saa ya Ndeti. Akatoa kidaftari akaandika kwamba Wajerumani, pamoja na sifa zao zote, wamechelewa saa nzima. Ndila alimwonyesha saa ya ukutani, iliyosema saa tano. Ndeti akamweleza kwa upole kwamba tiketi zilikatwa Nairobi, basi saa zake ni za Nairobi. Kutoka Mombasa mpaka Kampala treni zote zilifuata saa zile zile, na hakuna stesheni iliyojiamulia yake.

New York ndiko mambo yalikoharibika. Ndege ya Columbus ilikuwa ya saa kumi jioni. Walipotoka kukaguliwa pasipoti na kufika mlango wa ndege yao, saa ya Ndeti ilisema saa nne usiku. Nje jua liliwaka kama la Makueni mwezi wa Februari. Ndila alimwuliza huo ni usiku gani. Ndeti akasema nchi hizi jua lao huchelewa kutua, ila ndege imewaacha. Akamketisha kwenye benchi, akamwachia pasi yake ya kupandia, akaenda kushtaki.

Alipanga foleni ndefu. Msichana wa kaunta alimwambia ndege bado ipo, arudi mlangoni haraka. Ndeti alikuwa amewaambia abiria maneno kama hayo mara nyingi Kibwezi, na alijua thamani yake. Akaomba karatasi, akaketi, akaandika malalamiko kurasa mbili kwa Kiingereza cha ofisini, akapiga mstari chini ya neno "uzembe", kisha akadai kumwona mkubwa wao.

Yule mkubwa, mzee mwenye miwani, alisoma kurasa zote mbili bila haraka. Akatazama tiketi, halafu saa yake.

"Mzee," akasema, "ulipoanza kuandika hii barua, ndege yako ilikuwa hapa. Imeondoka dakika kumi zilizopita."

Ndeti alirudi mbio. Benchi lilikuwa tupu. Kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani aliogopa, na hakuificha hofu yake.

Ndila alikuwa angani. Hakujua Kiingereza, lakini alikuwa ameuza ndengu sokoni Mukuyuni miaka mingi na hakuona aibu kumwuliza mtu. Kila aliyevaa sare alimwonyesha pasi yake, mpaka mmoja akamshika mkono akamwingiza. Aliingia bila wasiwasi, akiamini mumewe ametangulia mbele kuongea na dereva, kama alivyozoea kwenye treni.

Ndeti alifika Columbus kesho yake. Ndila na Mulei walikuwa wakimsubiri. Kijana alitaka kucheka, mama yake akamkanyaga mguu.

"Umekula?" Ndila akamwuliza mumewe.

"Bado."

"Basi twende."

Wakati wa kurudi, Ndeti alibeba mizigo, Ndila akashika tiketi zote, na wakafika Nairobi pamoja.

Mwaka uliofuata Wahome, mwenye duka la vifaa Kibwezi, alikuwa akimpeleka binti yake Wariara kusoma Kanada. Akaja kwa Ndeti na soda mbili, kutaka ushauri wa mtu aliyesafiri. Ndeti alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza anabadilisha ndege mara ngapi. Wahome akasema mara tatu.

Ndeti akageuka kuelekea jikoni.

"Mama Mulei," akaita, "una mgeni."