Kilo za Mbwa Mwingine

Daktari alikuwa na sifa moja aliyoipenda mwenyewe kuliko wengine walivyoipenda: hakuwa mtu wa kukosea. Katika kliniki ile ya wanyama, yenye vyumba vitatu na benchi moja ukumbini, akishasema mbwa ana moyo mbaya, basi ana moyo mbaya, na wa kubisha ajiandae. Ndiyo maana asubuhi ile, alipoona namba kwenye kioo cha ultrasound, kitu cha kwanza alichofanya ni kuilaumu mashine.

Mbwa aliyelazwa mezani aliitwa Bosi, na kwao kweli alikuwa bosi. Mwenye mbwa alikuwa mjomba wa daktari, fundi cherehani mstaafu, aliyefiwa na mkewe akabaki na jibwa hilo la rangi ya kahawia. Zamani kila asubuhi walitembea mpaka sokoni na kurudi, mjomba akisalimia watu, Bosi akisalimia nguzo. Majirani walisema hawajui nani anamtembeza mwenzake.

Miezi saba nyuma, daktari alimsikiliza Bosi kifuani akasikia mvumo, yaani damu kidogo inavuja na kurudi ilikotoka. Mvumo peke yake si hukumu. Mbwa wengi wazee wanao, na wanakula na kulala kama kawaida. Linaloamua ni kama moyo umeanza kutanuka. Akampaka jeli ubavuni, akapima chumba kikubwa cha moyo, akapata sentimita nne. Sasa, sentimita nne ni nyingi au chache kutegemea ukubwa wa mwenye moyo. Kwa hiyo mashine huupima upana huo dhidi ya uzito wa mbwa, ikatoa namba moja. Ikizidi moja nukta saba, moyo umetanuka. Ya Bosi ilisoma moja nukta tisa.

Daktari akatoa amri: vidonge asubuhi na jioni, maisha yake yote, na matembezi basi. Asikimbie, asipande ngazi, asivuke geti. Vitabu havikudai makali yote hayo, lakini huyu alikuwa mbwa wa mjomba, na kwa mbwa wa mjomba hakutaka kubahatisha.

Leo alikwenda kuwachukua mwenyewe kwa gari lake kwa ajili ya kipimo cha marudio. Msaidizi akampandisha Bosi kwenye mizani: kilo thelathini. Daktari akauingiza uzito, akapima, akapata sentimita nne zile zile. Mashine ikasoma moja nukta tano. Moyo mzima kabisa.

Alifurahi kwa muda wa kumeza mate tu, kisha akailaumu mashine. Dawa ingekuwa imeupunguza moyo, sentimita nazo zingepungua. Akaifungua ripoti ya zamani. Jina: Bosi. Uzito: kilo kumi na mbili.

Kilo kumi na mbili zilikuwa za kijibwa cha mwalimu mmoja, kilichopimwa kabla ya Bosi siku ile. Daktari alibadilisha jina, akasahau kubadilisha uzito. Mashine ikaamini kwamba kijibwa kile kina moyo wa jibwa hili, ikapiga kelele, na ilikuwa na haki ya kupiga kelele.

Angeishia hapo, angelala usingizi wake. Lakini kulikuwa na kipimo cha pili, cha chumba kidogo cha juu, ambacho hulinganishwa na mshipa mkubwa ulio jirani yake na hakihitaji uzito wa mtu yeyote. Hicho nacho ripoti ile ilionyesha kimezidi. Akaikuza picha ya siku ile. Alama ya mwisho wa mstari wa kupimia haikuwa kwenye ukuta wa chumba. Ilikuwa imeupita, imeingia kwenye mdomo wa mshipa wa mapafu.

Hapo moyo wake yeye ndio ulioruka, kwa sababu alikumbuka. Siku ile aliiweka alama mahali pake, kipimo kikatoka cha kawaida. Akajiambia haiwezekani, mbona namba ya kwanza inasema moyo umetanuka. Akaisogeza alama kidogo, na kidogo tena, mpaka vipimo viwili vikapatana. Mashine haikumshika mkono. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Alimwita mjomba ndani. Mzee aliingia ameshika ukuta. Tangu matembezi yakatazwe na yeye alikuwa hatoki, magoti yamekaza, na watu wa sokoni walishamtumia salamu mpaka wakachoka. Daktari akamweleza habari ya kilo. Mjomba alisikiliza, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Hilo tu, Kijiti?" Alimwita hivyo tangu utotoni kwa wembamba wake. "Mimi nilimkatia bwana harusi suruali kwa vipimo vya baba mkwe. Kaoa huku kaishikilia kiunoni."

Akaendelea kusema hivi vitu vina mambo mengi, macho yanachoka, hata yeye asingekumbuka. Alikuwa anamtafutia mpwa wake njia ya kutokea, na daktari aliitamani njia hiyo kuliko alivyowahi kutamani kitu. Mzee angeondoka na furaha yake, na msaidizi asingejua.

"Mjomba, kuna jingine," akasema. "Kulikuwa na kipimo cha pili. Kilikuwa sawa. Kilinikatalia, nikakisogeza mpaka kikakubali."

Mtu mwingine angehitaji kuelezwa. Fundi cherehani hakuhitaji.

"Ulivuta tepu."

"Niliivuta."

Mjomba akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaanza kufuta jeli ubavuni mwa Bosi kwa leso yake. Alifuta muda mrefu kuliko jeli ilivyohitaji.

"Wiki za mwanzo alikuwa ananiletea mkanda wake wa matembezi mdomoni kila asubuhi," akasema bila kuinua uso. "Nikauficha. Akahamia getini, analia, anakwaruza. Nikasema huyu atakufa mikononi mwangu. Basi nikamchapa. Tangu mdogo sikuwahi kumchapa. Nilimchapa siku nne, akaacha."

Daktari akasema nisamehe, mjomba.

"Wewe ni mwanangu. Nimeshakusamehe kabla hujaomba." Akaikunja leso. "Lakini si mimi niliyechapwa."

Akauliza kama vidonge vinaachwa leo. Vinaachwa leo. Kama anaweza kutembea. Anaweza, hata sasa hivi. Basi, akasema, hawatahitaji gari, watarudi kwa miguu taratibu, na yeye anyooshe magoti yake. Daktari akajitolea kuwasindikiza. Mjomba akasema hapana.

Akabaki dirishani. Aliwaona wakivuka ua, mzee akichechemea, Bosi pembeni yake mwepesi, manyoya yanang'aa, moyo mzima. Walipofika getini Bosi alisimama, akakaa chini. Mjomba akatangulia hatua mbili hadi barabarani, akamgeukia, akamwita. Akamwita tena, kwa upole. Bosi alimtazama usoni huku mkia ukifagia vumbi, akisubiri kusifiwa kwamba hajatoka.