Picha Alizozigawa Mama

Niseme ukweli mapema: mimi wasanii sikuwa nawapenda. Mji wetu wa Corliss umejaa wasanii siku hizi kama zamani ulivyojaa wachimba dhahabu, na bibi yangu alipokuwa akinisimulia habari za wachimba dhahabu hakuwa anacheka. Kwa hiyo Odile mfinyanzi alipoingia kwenye ofisi ya kabila letu mwezi wa tisa, udongo umemkaukia mpaka kwenye nyusi, akaniambia kwamba yeye na wenzake ishirini na wawili wanataka kutoa kazi zao ziuzwe ili tukomboe ardhi yetu, nilimkazia macho.

"Mnataka nini?"

"Hatutaki kitu, Lavena."

"Kila mtu anataka kitu."

"Haya, nataka kahawa," akasema, akavuta kiti akaketi.

Ardhi yenyewe ni ekari sitini na mbili kando ya kijito, mwendo mfupi kutoka mjini. Kuna mialoni mikubwa pale, na mwamba wenye mashimo ambamo bibi zetu walikuwa wakitwanga mbegu za mialoni hiyo. Mama yangu, Zelma, alizaliwa hatua chache kutoka kwenye mwamba huo. Alipokuwa na miaka sita waliambiwa wafunge vitu vyao wahame, na miaka sabini na minane tangu siku hiyo amekuwa akiokota mbegu za uji wake kwenye maegesho ya posta, huku madereva wakimpigia honi.

Mwenye shamba, mjane wa Ostby, alifariki majira ya kuchipua. Mwanawe Wendell akatangaza kuuza. Kampuni moja ya mvinyo ilikuwa imeshapima mahali pa kupanda mizabibu, maana yake mialoni yote ingekatwa. Wendell akatupa sisi nafasi hadi siku ya mwisho ya mwezi wa kumi, kwa sababu, alisema, ndio tuliotangulia kuuliza.

"Ni kweli tulitangulia," mama akasema. "Kwa miaka elfu kadhaa."

Sisi ni watu mia moja na arobaini na saba tu, wakiwamo watoto wachanga. Kwa miaka sita tulikuwa tukichanga, tukiuza mikate ya kukaanga kwenye kila sherehe, tukiandika barua mpaka vidole vikafa ganzi. Bado tulipungukiwa dola elfu arobaini. Nilikuwa nalala nazo na kuamka nazo.

Basi Jumamosi ya mwisho kabla ya tarehe, kwenye ukumbi wa zimamoto, wasanii wakaanza kufika na mizigo yao. Nilisimama mlangoni nimekunja mikono, tayari kuwatafutia kasoro. Mfumaji wa mablanketi alileta blanketi alilolifuma kwa majira ya baridi mawili, akalilaza mezani kwa utaratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Kijana mmoja mhunzi alileta bundi wa shaba, akaniomba radhi kwamba bawa moja limepinda. Mwanamke aliyekuwa akifanya kazi ya usafi hospitalini alileta vipicha vinne vya ndege, vidogo kama kadi za posta, akauliza kama ni aibu kuleta vidogo hivyo. Nikajikuta mikono imekunjuka yenyewe. Nikamwambia si aibu, nikavitundika mwenyewe.

Wa mwisho alikuwa mzee Corwin Haske, mchoraji, mtu ambaye hajawahi kumsalimia yeyote mjini bila kulalamika kwanza. Alileta picha kubwa kama mlango: kilima chetu, mialoni, na mwamba. Alikuwa ameichora kwa miaka miwili akiwa amesimama barabarani, maana mjane wa Ostby hakuwa anaruhusu mtu kuingia.

"Elfu nane," Corwin akasema. "Na asije mtu kuniuliza kama inaendana na kochi lake."

Mama akasogea, akaweka kidole karibu na kona ya chini bila kuigusa rangi. "Hapa ndipo mama yangu alipokuwa anakaa," akasema. "Huyu bwana amechora mpaka kivuli kilipokuwa kinafika." Corwin akajifanya anakohoa, akatoka nje kwenda kutafuta kitu garini, na akakaa huko muda mrefu sana.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Mama alikuwa ameniuliza, "Hivi vyote vya nani?" nami kwa furaha ile nikamjibu, "Vyetu, mama. Tumepewa." Nikamketisha mlangoni kwenye kiti chenye mto, nikamwambia kazi yake ni kukaribisha wageni. Kisha mimi na Odile tukaondoka kwenda kuchukua masufuria ya uji na samaki wa kuchoma. Wasanii walikuwa wamekwenda kwao kubadilisha nguo, na vikaratasi vya bei vilikuwa bado kwenye mfuko wa Odile.

Tuliporudi, kama dakika arobaini baadaye, ukuta ulikuwa na mapengo. Pengo moja lilikuwa kubwa kama mlango.

"Wageni wamewahi," mama akasema, uso umemng'aa. "Watu wazuri kweli."

"Mama, picha ziko wapi?"

"Wamechukua."

"Wamelipa?"

"Walipe nini? Wamesifu tu."

Nikakaa chini sakafuni. Kwetu, mtu akikisifu kitu chako kutoka moyoni, unampa. Hakuna mjadala. Na nyumba yenye sherehe haimwachi mgeni atoke mikono mitupu. Nimeshapoteza koti zuri la manyoya na sufuria mbili kwa njia hiyo, na mama ameshapoteza zaidi ya hapo bila kujuta hata siku moja. Kumweka mama mlangoni mwa ukumbi uliojaa vitu vizuri na kumwambia ni vyetu, halafu nikaondoka! Mtu mwingine yeyote angeweza kutolijua hilo. Mimi ni mwanawe.

"Vingapi?" Odile akauliza kwa sauti ndogo.

"Nane," mama akasema. "Wa nane alitaka bundi. Nikamwambia mwenzake keshamchukua bundi, yeye achukue bakuli."

"Bakuli gani?"

"La kwako, mwanangu. La kijani. Alilipenda mno."

Odile akafungua mdomo, akaufunga, kisha akaanza kucheka hadi akajishikilia kwenye meza.

Mimi sikucheka. Nilitoka mbio hadi kwenye maegesho. Yule mwenye bundi alikuwa ndiyo kwanza anaingia barabarani na gari lake jekundu, na hatujamwona tena mpaka leo. Lakini karibu na mti alikuwapo mwanamke mmoja, amelifunga bakuli la Odile kwa skafu yake. Nikamwendea. Nikafungua mdomo nimwambie alirudishe, na maneno yakagoma. Kumnyang'anya mtu kitu alichopewa na mama yangu, mbele ya jua, ni jambo ambalo sikulelewa kulifanya. Nilisimama mbele yake nikihema kama mbwa.

"Bibi aliniambia nichukue tu," akasema. "Nimekosea?"

"Hapana," nikasema. "Nimekuja kukuambia uji uko tayari."

Alirudi ndani kunywa uji, akasoma kwenye ubao habari ya ardhi, na akaandika hundi akampa Odile bila kuombwa. Watatu wengine walifanya hivyo walipopigiwa simu na jamaa zao waliokuwapo ukumbini. Wengine hawakufanya, na siwalaumu.

Ikabaki ile kubwa. "Mama," nikasema, "ile ya Corwin umempa nani?"

"Mtoto wa Ostby."

"Wendell? Mama! Si ndiye anayetuuzia shamba!"

"Najua ni nani. Nimezeeka magoti, sijazeeka macho." Akanishika mkono, akanikalisha. "Alikuja kuchungulia tu. Akasimama mbele ya picha, akaniambia pale ndipo mama yake alipomfundishia kupanda farasi. Halafu hakusema tena. Yule anahama kwao, Lavena. Mimi siku nilipohama pale hakuna aliyenipa hata kijiti cha kubeba. Ningemwacha aende hivihivi?"

Bado nilikuwa na hasira, lakini zilikuwa zimepoteza pa kusimama.

Aliyebaki kuambiwa ni Corwin. Odile alikataa, akasema ana watoto. Nikaenda mimi, nikamkuta kando ya masufuria akilalamika kwamba samaki ana miiba. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza huku ameshika kijiko hewani.

"Mwanamume yule alifanyaje alipoiona?"

"Mama anasema alinyamaza."

"Kwa muda gani?"

"Muda mrefu."

"Miaka arobaini nawauzia picha madaktari wa meno," Corwin akasema. "Hajawahi kunyamaza hata mmoja." Akarudi kwenye samaki wake. Baadaye nilimwona anamwekea mama mto mgongoni, na alipogundua namtazama akalalamika kuhusu viti.

Mpaka jioni ukumbi ulikuwa mtupu. Blanketi lilinunuliwa na mwalimu wa shule, vipicha vya ndege viligombewa na watu sita, na mwanamke wa usafi alilia waziwazi, nami nikalia naye. Tulipomaliza kujumlisha tulikuwa tumepungukiwa dola elfu tisa na mia nne. Odile aliinamisha kichwa, akaniomba msamaha. Yeye aniombe msamaha mimi! Nilimkumbatia na udongo wake wote, nikamwambia kwamba katika maisha yangu yote hakuna mtu wa mji huu aliyewahi kutusimamia namna hiyo, na kwamba siku ya kwanza nilimfikiria vibaya.

"Nilijua," akasema. "Kahawa yako ilikuwa maji matupu."

Jumatatu asubuhi Wendell Ostby alikuja ofisini ameikumbatia ile picha, imefungwa kwa shuka. Tulikuwapo mimi, mama, Odile na Corwin, tukijaribu kutafuta elfu tisa mahali ambapo hazikuwapo. Aliiegemeza ukutani, akavua kofia.

"Nimeambiwa hii ilikuwa ya kuuza," akasema. "Sikujua. Mama mzee aliniambia nichukue. Bei yake ngapi?"

Corwin hakumtazama. Alinitazama mimi. "Mmepungukiwa ngapi?"

"Elfu tisa na mia nne."

"Ndiyo bei yake," Corwin akasema.

"Jumamosi ulisema elfu nane," Odile akamkumbusha.

"Imepanda."

Wendell akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi. Akasema sawa, atapunguza kiasi hicho kwenye bei ya shamba, dada yake aliyerithi naye ameshakubali, na mambo yaishe. Moyo wangu ulikuwa umeshafika mlangoni ukiimba. Lakini mama akagonga meza kwa kiganja.

"Hapana. Picha nilikupa. Siiuzi."

"Mama!" nikasema.

"Wewe nyamaza. Kitu nilichompa mtu hakina bei. Mnataka watu waseme Zelma huwa anatoa na mkono mmoja na kudai kwa mwingine?"

Nilitamani dunia inimeze. Miaka sita, na sasa mama yangu mzazi ameziba mlango! Wendell aliizungusha kofia mikononi, akamtazama mama, akaitazama picha.

"Basi picha ni yangu," akasema polepole. "Asante. Sasa mimi nami nina zawadi ya kuwapa. Ni dola elfu tisa na mia nne za shamba. Naruhusiwa?"

Mama akafikiri. Alifikiri kwa muda uliokaribia kuniua.

"Hiyo sawa," akasema. "Ukisifu na kikapu changu nitakupa, kwa hiyo chunga mdomo."

Alhamisi, siku ya mwisho kabisa, tulitia saini. Jumapili tukaenda, watu wetu wote wanaoweza kutembea na wachache wa kubebwa, na wasanii ishirini na watatu nyuma yetu, wamejibana barabarani kama watu waliofika harusini bila kadi. Geti lilikuwa wazi. Mama alimkataza mtu yeyote kuingia kabla hajawatambulisha, maana mahali hapo hapajatuona kwa muda mrefu, na ni utovu wa adabu kuingia kwa mtu bila kujitaja. Akasimama langoni ameelekea mialoni. Akaanza na jina lake la utotoni, ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Akataja langu, ya wanangu, akataja ukoo baada ya ukoo, wote mia moja na arobaini na saba.

Kisha akageuka, akamwashiria Odile asogee. "Huyu ni Odile. Anafinyanga udongo wenu. Huyu ni Corwin, amekuwa akiwatazama kutoka barabarani kwa miaka miwili, mwacheni leo akae karibu." Akawataja mmoja mmoja, akiniuliza jina alipolisahau, akieleza kila mmoja alitoa nini. Ilichukua karibu saa nzima. Hakuna aliyechoka. Mwanamke wa usafi alipotajwa alisimama wima kama askari. Nami niliyekuwa nikiwatafutia kasoro nilikuwa namnong'oneza mama majina yao, na nilikuwa nayajua yote.

Wendell alikuwa amesimama kando kabisa, ng'ambo ya barabara, karibu na gari lake. Nadhani alikuja kuaga tu. Mama alimwona, akamwita kwa mkono, na yeye akatikisa kichwa kwamba hapana, haifai.

Mama akawageukia tena mialoni.

"Na yule pale mnamjua," akawaambia. "Amelelewa hapa. Akija kuwatembelea, msimwone mgeni."

Mtu mzima yule aliziba uso kwa kofia. Tukamsubiri, hakuna aliyepiga hatua. Hatimaye alivuka barabara, akapita katikati yetu, akaingia pamoja nasi, na kwa kuwa alikuwa wa mwisho, alifunga geti nyuma yake kama mama yake alivyomfundisha.