Zabuni ya Gari la Nakunda

Jana usiku niliota nimefungua zabuni, na kwa mtu aliyestaafu miaka sita iliyopita hilo peke yake lilitosha kuniharibia siku.

Mimi si mtu wa ndoto. Nilikuwa afisa manunuzi wa halmashauri kwa miaka thelathini na moja, na ndoto hazina viambatisho. Hii nitaisimulia kama ilivyokuja, bila chumvi, kwa sababu kuna jambo lake moja ambalo mpaka sasa sina maelezo yake.

Kwanza mjue hali ya nyumbani. Mke wangu, Nakunda, alifundisha Jiografia shule ya msingi mpaka akastaafu. Maisha yake yote amewaonyesha watoto wa watu Ziwa Rukwa, maua ya Kitulo, michoro ya mapangoni Kondoa na maporomoko ya Kalambo, kwa fimbo, kwenye ramani ya ukutani. Yeye mwenyewe hajavuka Morogoro. Nilimwahidi kwamba tukistaafu tutanunua gari-nyumba, lile lenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani, la dizeli, jipya kabisa, tuzunguke nchi nzima aione kwa macho yake.

Kisha daktari akamwambia ana presha ya macho. Ugonjwa huo huanza kula uwezo wa kuona kwa pembeni, ukija taratibu kuelekea katikati, na ulichokula haurudishi. Dawa ya matone inauchelewesha tu. Daktari alisema kama kuna safari, iwe mapema. Hiyo ni miaka mitatu iliyopita, na miaka yote hiyo mimi nimekuwa nikilinganisha viwanda.

Msinicheke. Katika kazi yetu hununui hata ufagio bila bei tatu za ushindani. Niliandikia kiwanda kimoja Ujerumani, kimoja Italia na kimoja Afrika Kusini. Mara ya kwanza mmoja hakusaini ukurasa wa nne, nikafuta zote, nikaanza upya. Mara ya pili mmoja alichelewa siku moja. Mara ya tatu walikuja wote kwa wakati, nami nikaona vipimo nilivyowapa havikutaja kina cha sinki, nikafuta mwenyewe. Fedha ipo, haijawahi kuwa tatizo. Jirani yetu alikuja siku moja akaniambia mchagua jembe si mkulima, na tangu siku hiyo simkaribishi chai.

Sasa ndoto.

Nipo ofisini pangu pa zamani, saa nane mchana. Kwenye benchi la wageni yamekaa magari-nyumba matatu, kila moja limepakata bahasha yake. Benchi halijavunjika. Mimi sishangai, nayaandikisha kwenye kitabu cha wageni, jina, saa na shida iliyoyaleta. Pembeni yao amekaa Nakunda na mkoba wake mapajani, amevaa viatu vya safari. Na yeye nikamwandikisha. Kwenye shida nikaandika: anasubiri.

Mwenyekiti wa kamati ni Muhuri. Ni ule ule wetu wa mpira wenye mpini wa mbao, ila leo amevaa koti la suti, na kila akisema neno anagonga meza kidogo na kuacha tarehe.

Gari la Kijerumani lilikuwa la kwanza kuitwa. Liliniamkia kwa adabu, likaeleza kwamba lina chasisi ya chuma kinene, tangi la maji la lita mia tatu na waranti ya miaka mitano, mradi lisiguse vumbi. Nikaliuliza likigusa vumbi itakuwaje. Likasema hapo kiwanda kitalisahau, na hata lenyewe litajisahau. Nikaandika: waranti nzuri.

La Kiitaliano liliingia likinukia kahawa. Lina kitanda kinachoshuka kutoka darini kama mtu anayekuja kukukumbatia, na viti vya ngozi laini. Lilikiri bila kuulizwa kwamba injini yake ni ya kisasa na ina tumbo jepesi; dizeli ya madumu, ile inayouzwa kando ya njia ukishapita miji, linaitapika. Kisha likamgeukia Nakunda, likamwambia mama, macho yako yana haraka. Nakunda akainamisha kichwa. Nililiambia kuzungumza na wananchi kabla ya matokeo ni kosa.

La Afrika Kusini halikusubiri kuitwa. Limeinuka juu, springi zake nene kama mapaja ya ng'ombe wa maksai, na linasema dizeli yoyote kwalo ni uji. Nikaliuliza kuhusu choo. Likasema choo ninacho, mzee, lakini pori lote ni choo. Nakunda akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka kwa muda mrefu. Nilikatwa alama mbili kwa lugha isiyo rasmi. Namaanisha lilikatwa gari, ingawa Muhuri alizigonga kwangu.

Hapo ofisi ikawa darasa la tano. Hakuna aliyetuhamisha. Magari yamebanana kwenye madawati ya mbele, mimi nimesimama ubaoni na jedwali langu la kulinganisha, na Nakunda yuko mbele ya ramani ya Tanzania akiwa na fimbo mkononi.

"Baba Kirumbe," akasema. Ndivyo anavyoniita, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. "Bukoba haipo."

Nikaenda kuangalia. Kweli, pale palipokuwa na Bukoba pamebaki karatasi nyeupe, safi, kama haijawahi kuchapwa kitu. Mtwara nayo ilikuwa inaondoka mbele ya macho yangu, kwanza herufi, kisha ardhi. Ramani ilikuwa inaliwa pembeni. Nikamwambia Nakunda avumilie kidogo, nimebakiza safu ya matumizi ya mafuta kwa kilomita mia. Nilisema hivyo kwa upole kabisa. Upole wangu ndio uliomla huyu mwanamke, na hilo nalisema nikiwa macho.

Gari la Kijerumani likakohoa.

Kwenye kila barua ya bei, chini kabisa, huandikwa kwamba bei hii ni halali kwa siku tisini. Nimeisoma sentensi hiyo maisha yangu yote wala sikuwahi kujiuliza siku ya tisini na moja kunatokea nini. Sasa najua. Gari lilikohoa mara ya pili, likalaza usukani wake kwenye dawati, likafa.

Msiba ukawekwa hapo hapo. Turubai lilikuwa limeshafungwa, viti vya kukodi vimepangwa, na akina mama wa kanisani wanamenya ndizi. Mjane alikuwa nakala ya kaboni ya ile barua ya bei, mwembamba, rangi imempauka, analia bila sauti. Nikaombwa niseme maneno machache kama mtu aliyemfahamu marehemu. Nikasimama, nikasema marehemu alikuwa na chasisi nzuri. Watu wakaitikia amina.

Nakunda alinivuta pembeni ya turubai. Aliniuliza kama gari lile nililipenda, kwa nini sikulichukua likiwa hai. Nikamjibu nilikuwa nasubiri wenzake wamalize kujibu maswali. Akasema, "Ulilipenda ukaliacha life ili usionekane umependelea." Mama mmoja alikuwa ananiletea maji ya kunawa, nikanyoosha mikono.

Nilipomaliza kunawa, la Kiitaliano nalo lilikuwa limelala kwenye mkeka karibu na mwenzake. Waliokuwepo walisema halikuumwa. Lilisikia nikiuliza kama vile viti vya ngozi vinapatikana kwa kitambaa, likakata tamaa tu. Kanuni inasema marehemu huzikwa na nyaraka zake zote, kwa hiyo tulitia kaburini bahasha, vipeperushi, jedwali langu, kitabu cha wageni, hata daftari la akiba. Ikawa hakuna karatasi hata moja iliyobaki duniani ila ramani ya Nakunda. Muhuri alikuwa anagonga udongo.

Nageuka kutoka makaburini, nipo barabarani. Ni barabara kuu hapa Same, mbele ya nyumba yetu, jua kali, na gari la Afrika Kusini limewashwa linanguruma. Mlango uko wazi. Nakunda amekaa kiti cha abiria, mkanda amefunga, ile ramani ameitandaza mapajani. Kilichobaki kwenye ramani ni duara tu, katikati. Dodoma ipo. Kondoa ipo. Singida imebaki nusu.

"Panda," akasema. "Kondoa bado ninayo. Tukiondoka sasa hivi tunaikuta."

Nikamtazama Muhuri. Yeye akasema bei moja si ushindani, na mimi nikasema kweli, bei moja si ushindani. Kisha Muhuri akavua koti lake la suti, akalikunja vizuri, akaniambia jambo ambalo hakuna mwenyekiti aliyewahi kuniambia. "Mkwizu, amua mwenyewe. Mimi ni mpira tu."

"Baba Kirumbe," akasema Nakunda, "hili ni gari letu. Hakuna halmashauri hapa. Hakuna mkaguzi anayekuja."

Nilijua. Siwezi kudai sikujua. Hakuna aliyewahi kunitaka nilete bei tatu ili nimchukue mke wangu nimpeleke Kondoa. Nitasema ukweli, maana wa kumficha simwoni: naogopa kukosea. Nilikaa kazini miaka thelathini na moja nikiwaona wenzangu wanaitwa kujieleza kwa sababu ya walichonunua, na sijaona hata mmoja aliyeitwa kwa sababu ya asichonunua. Anayelinganisha hakosei. Hafanyi kitu, atakosea wapi?

Nikaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya gari. Ngazi ilikuwa ya moto kwa jua, na gari likatetemeka kwa furaha kama mbwa aliyesikia jina lake. Kiti cha dereva kilikuwa kimeshajisogeza kunipokea.

Ndipo nikauliza, "Mlango wa choo una upana wa sentimita ngapi?"

Gari likapunguza mngurumo. Likafikiri. Likasema kwa unyenyekevu kwamba hilo halilijui, labda tukapime wote njiani.

"Itangazwe upya," nikasema. Sauti ilikuwa yangu, ile ya kazini, nzito, ambayo watu walikuwa wakiisikia kwenye korido wanasimama. Ndotoni niliipenda tena, kwa muda wa pumzi moja.

Injini ikazimika. Gari halikufa kama wenzake, lilizima tu, likafunga madirisha yake moja moja kuanzia nyuma, kama duka linapofungwa. Nakunda akafungua mkanda, akashuka kwa kushikilia mlango, akipapasa ngazi kwa ncha ya kiatu. Ramani aliikunja kwanza. Niliona Dodoma ikienda, na Kondoa, na lile duara likasinyaa mpaka likabaki na ukubwa wa kitufe cha shati.

Akanikabili. Ilibidi ageuze kichwa kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka aniweke katikati.

"Sasa nakuona wewe tu," akasema. "Na wewe nimekuona miaka thelathini na nane. Wewe sikuhitaji gari kukuona."

Nilitaka kumwambia kwamba safari hii nitaweka muda mfupi, wiki mbili tu, na vipimo vyote nitavikagua mwenyewe. Nadhani nilimwambia. Yeye alikuwa anatafuta kitu mkobani, na alipokipata kilikuwa kalamu nyekundu. Aliniomba kazi yangu aisahihishe. Nikamkumbusha kwamba karatasi zote tumezizika. Akasema basi nilete mkono.

Alinishika kiganja kama alivyokuwa akiwashika watoto wa darasa la kwanza kuwafundisha kuumba herufi, kwa nguvu kidogo na bila hasira. Akaandika. Kalamu ilikuwa baridi, ikinitekenya. Nilijaribu kusoma lakini kichwa chake kilikuwa kimeinama kabisa juu ya mkono wangu, karibu pua iguse ngozi, na nywele zake nyeupe zilinificha kila kitu. Alipomaliza akanikunja vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayefunga bahasha.

Nikaamka.

Nilikuwa kitandani kwangu, nimelala chali, mkono wa kulia umefumbwa ngumi na unauma. Nikaufungua. Kwenye kiganja kulikuwa na maandishi mekundu, ya mwandiko wa mwalimu, mistari imepanda juu ya mingine na maneno mengine yameteleza mpaka kwenye mkono, kama ya mtu asiyeona ukurasa unaishia wapi. Nyumbani kwetu kalamu nyekundu haijaingia tangu Nakunda astaafu. Nilisoma polepole, nikiupeleka mkono huku na huku.

Kazi nzuri, yalisema. Umechelewa kukusanya.

Nikageuka ili nimuulize. Alikuwa ameshaamka, amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, amelielekea dirisha. Mapazia yalikuwa wazi na jua limeingia chumbani lote, limempiga usoni kabisa, macho yake yakiwa wazi ndani ya mwanga ule bila kupepesa.

"Baba Kirumbe," akasema, "kumeshakucha?"

Nikamwambia bado.