Siku Tarumbeta Alipoacha Kukoroma

Fundi wa spika alikuwa na masikio makali, ndiyo yaliyomlisha. Binti yake wa miaka tisa alipoanza kukoroma, yeye ndiye wa kwanza kusema mkoromo ule una kasoro. Mkewe alicheka, akambandika mtoto jina la Tarumbeta, na mtoto mwenyewe akalipenda.

Wiki zikapita, pua ikazidi kuziba. Akimwita mama, lilitoka "baba", na mama akalalamika kwamba alibeba mimba miezi tisa bure. Chupa mbili za matone ya puani zilikwisha bila nafuu. Mama aliamini ni mafua tu. Jioni moja fundi akamziba mtoto tundu la kushoto, akamwambia avute pumzi. Haikupita. Akaziba la kulia, ikapita vizuri. Chini ya taya akapapasa uvimbe kama gololi, usiouma.

"Mafua hayachagui upande, mama watoto," akasema. Kesho yake karakana haikufunguliwa.

Daktari wa pua na koo alichungulia kwa mrija mwembamba wenye taa, kisha akakata kinyama kidogo kikapimwe. Majibu yalipotoka, aliwaeleza wazazi bila kuzunguka: ni limfoma, saratani ya tezi, imeota nyuma ya pua. Mama akakaa. Daktari akaongeza kuwa ugonjwa huu hukua upesi, lakini dawa nazo huukamata upesi, na watoto wengi hupona. Fundi alijikaza kisabuni, akauliza tu wanaanza lini.

Wazazi walikubaliana kumwambia mtoto kuwa ni mafua makali. Uongo huo haukufika jioni.

"Baba, mafua gani ya kulazwa?" Tarumbeta aliuliza akiwa kitandani wodini.

Fundi akatazama sakafu, kisha akamweleza yote, jina la ugonjwa, dripu za dawa, na nywele zitakazonyonyoka. Mtoto akajishika nywele.

"Kwa hiyo mama hatanisuka?"

"Kwa muda, hapana."

Tarumbeta, aliyekuwa akilia kila Jumapili kwa kusukwa, alionekana kupata faraja kidogo.

Faraja ile haikudumu. Alitapika, mdomo ukajaa vidonda, hata maji akayakataa. Kuna siku fundi alitoka nje barazani kufuta macho, akarudi na mzaha mpya, na mtoto akamwambia wa jana ulikuwa na nafuu.

Alasiri moja, siku chache baada ya dripu ya pili, Tarumbeta alipitiwa na usingizi. Fundi alikuwa kando ya kitanda akitengeneza redio ndogo ya nesi. Ghafla akagundua hasikii mkoromo wala kitu chochote. Bisibisi ikamponyoka. Akamtikisa mtoto mabegani huku akimwita nesi, naye nesi akaja mbio.

Tarumbeta akafumbua macho, amekasirika kwelikweli.

"Baba, kwani mtu halali kwa amani humu?"

Nesi akainama, akamsikiliza kwa makini, kisha akanyooka.

"Fundi, mwanao kafunga mdomo. Anapumua kwa pua, matundu yote mawili."

Fundi akakaa chini sakafuni, akacheka mpaka machozi. Mama alipoingia na chupa ya chai akamkuta pale pale, na hakuna aliyeweza kumweleza vizuri kilichotokea, maana kila mmoja alikuwa akicheka, isipokuwa mgonjwa.

Matibabu yalichukua miezi mitano. Picha za mwisho hazikuonyesha alama ya uvimbe. Daktari aliwaonya kwamba lazima warudi kila mwezi kuangaliwa, ila sasa mtoto aende nyumbani. Akaketi kuandika barua ya shule, kwamba asikae karibu na wenye kikohozi na asichoshwe kwa mazoezi.

"Ongeza nisioshe vyombo," akasema Tarumbeta.

Daktari akasema hilo ni la nyumbani, hana mamlaka nalo.

"Andika tu, halafu gonga mhuri. Mama anaheshimu mhuri."

Daktari akamtazama mama, aliyekuwa ameshika mkoba mlangoni.

"Wiki moja," akasema mama. "Hakuna haja ya mhuri."