Mshipa Uliobaki

"Fundi, mkono!"

Nesi alipaza sauti kutoka mlangoni, na fundi cherehani akaunyoosha mkono haraka kama mtoto aliyefumaniwa na sukari mdomoni.

Siku kumi wodini, tatu za mwisho bila kukunja kiwiko, si mchezo kwa mtu asiyeweza kusimulia jambo bila mikono. Lakini mishipa mingine yote ilikuwa imegoma. Ulibaki huo mmoja wa kwenye kiwiko, na chupa moja ya dawa. Ikiisha, anakwenda nyumbani kumpakata mjukuu wake wa kwanza, mwenye siku nane, ambaye hajamtia machoni. Mpira wa dripu ukiziba, wataanza kumchomachoma upya, na safari itaota mbawa.

Nesi huyu wagonjwa walimwita Taratibu. Kabla ya dawa, maji ya chumvi. Baada ya dawa, maji ya chumvi. Husukuma kidogo, hutulia, husukuma tena. Wenzake walimtania kwamba atastaafu akiwa na bomba la sindano mkononi. Hakujali, maana mipira ya wagonjwa wake haikuziba ovyo.

Alitundika chupa ya mwisho, akaenda kitanda cha jirani. Aliporudi, dripu ilikuwa imesimama. Damu imepanda mpirani.

"Nani amegusa hapa?"

"Mimi, sista," alisema mdogo wake fundi, aliyekuja kumchukua. "Niliona inakimbia mno, nikakaza hicho kigurudumu. Si ndiyo ya mwisho? Nilitaka dada aifaidi."

"Wewe utaniua kwa mapenzi!" fundi alimaka, machozi yakimlengalenga.

Moyo wa nesi ulikuwa unakwenda mbio, lakini vidole havikuharakisha. Damu iliyoganda haisukumwi ndani. Alichukua bomba jipya, akavuta polepole. Wapi! Akavuta tena. Kikatoka kidonge cha damu nyeusi, chembamba kama uzi, na nyuma yake damu nyekundu. Kisha maji ya chumvi: kidogo, tulia, kidogo.

"Inauma?"

"Hata kidogo."

Akalegeza kigurudumu. Tone. Tone jingine. Wodi nzima ilishangilia utadhani goli limefungwa, na nesi mwenyewe alicheka mpaka akajifuta macho.

Saa nane mchana alichomoa mpira, akabana pamba mpaka damu ikakata.

"Haya, fundi. Kunja."

Fundi alikunja kiwiko polepole, akakitazama. Hakukinyoosha tena. Alishuka ngazi hivyo hivyo, mdogo wake akihema na mabegi yote nyuma yake, na mpaka anafika getini mkono ule mtupu ulikuwa kifuani, akiubembeleza.