Rangi Juu ya Mbao Mbichi

Mimi nina miaka kumi na tisa katika ufundi rangi, na sipendi kufundishwa kazi. Nasema mapema ili mnijue. Mke wangu aliponiambia mbao za kitalu nyumba chake bado zina maji, nilimjibu ashughulike na miche, rangi aniachie mwenyewe.

Kitalu chenyewe kipo uani, nyuma ya jiko. Tulikijenga wenyewe kwa mbao za banda la zamani, tukakifunika kwa nailoni juu na pembeni, na mlango wake mpaka uiname. Ndani kuna fukuto la kukuvua shati. Katikati imepita boriti moja, na juu yake limekaa pipa la lita mia linalodondoshea miche maji kwa mipira. Chini ya pipa hilo ndipo mke wangu husimama akihamisha miche, na Kibonge, mwanetu wa miezi saba, akiwa mgongoni.

Mbao zile zilikuwa zimenyeshewa siku mbili mfululizo. Mbao ya namna hiyo huanikwa wiki tatu, hupigwa dawa, huachwa ikauke tena, ndipo ipakwe rangi. Wateja wangu wote nimewaimbia wimbo huo mpaka wakanichoka. Lakini miche ilikuwa inasubiri, nami nilikuwa na kiburi, nikapiga rangi ya mafuta mara tatu ndani ya siku mbili. Ikang'aa, ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu. Majirani walikuja kuona, kichwa kikanivimba.

Wiki ya pili boriti ikatoa malengelenge. Fundi yeyote anajua maana yake: maji yamefungiwa ndani na yanatafuta pa kutokea. Kuibandua rangi kungetaka maelezo, na maelezo yalinishinda. Basi kila Jumapili, mke wangu akienda kwa mama yake, niliingia na msasa, nikayasugua malengelenge, nikapaka upya. Akirudi alinishukuru kwa kumtunzia kitalu. Nami nikazipokea shukrani zile.

Asubuhi moja ya wiki ya kumi na moja, lengelenge jipya lilitokea karibu kabisa na pipa. Mke wangu alikuwa ndani, amekwisha kulijaza pipa, amenipa mgongo. Nikachokonoa kwa bisibisi. Ikazama mpaka kwenye mpini, bila sauti, kama ninachoma mkate uliolowa chai. Nilipoichomoa yalifuata maji meusi. Nikatazama juu, nikaona boriti imepinda, na kichwa cha Kibonge kiko chini ya pipa barabara.

Hata hapo nilitafuta uongo. Nilimwambia kuna mtu anamwita nje. Akasema asubiri. Nikasema mtoto anapata joto. Akampapasa shingo, akasema yuko sawa, akaendelea na miche yake. Boriti ikalia juu yetu, mlio mfupi.

"Mama Kibonge, toka. Boriti imeoza."

Akacheka. Boriti iliyopakwa rangi kila wiki itaozaje?

"Niliipaka ikiwa mbichi," nikasema. "Nilikuwa naficha."

Kicheko kikakatika. Alipeleka kiganja nyuma, akakifunika kichwa cha mtoto, akainama na kutoka bila kukimbia.

Mimi nilibaki. Koki ya pipa iko chini yake, na lazima mtu aifungue kabla zigo lote halijaanguka. Nikapanda juu ya tofali, nikaweka bega chini ya boriti, nikaifungua koki. Maji yakatoka membamba, ya kutia hasira. Nailoni ilikuwa imejaa mvuke, kwa hiyo sikuuona uso wa mke wangu. Niliona umbo lake tu, limesimama.

"Tangu lini?" akauliza kutoka nje.

"Tangu wiki ya pili."

Nilijua anahesabu.

"Wiki tisa," akasema. "Wiki tisa naingia humo na mtoto, na wewe unaniangalia."

Ulimi wangu haukosi neno, wanaonijua watawaambia. Siku ile nilipata moja tu.

"Ndiyo."

Maji yalichukua karibu robo saa. Mbao ilikuwa inabonyea begani, rangi inabanduka vipande vipande na kuninata shingoni, na kila ilipolia niliisukuma juu zaidi. Niliogopa, sifichi. Niliogopa pipa, lakini zaidi niliogopa lile umbo nje ya nailoni lisije likaondoka kabla sijamaliza.

Pipa likakorota, likaisha. Nikatoka nimelowa. Mke wangu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, anamnyonyesha Kibonge. Bila kupandisha sauti alisema nailoni yote itolewe leo. Miche itakayokufa na ife. Mbao mpya zitaanikwa juani, na siku ya kuzipaka atazigusa yeye kwanza. Akisema mbichi, ni mbichi. Nikasema sawa.

Mtoto alipomaliza kunyonya nilinyoosha mikono nimpokee, kama ninavyofanya kila asubuhi ili mama yake apate kunywa chai. Akamhamishia bega la pili.

"Bado," akasema.

Nikashusha mikono, nikaenda kubandua nailoni.